Kura Inafika Kisimani, Kipimo Hakifiki

Wacha niwaulize: mtoto akishikwa na homa zaidi ya wiki mbili, akapewa dawa ya malaria mara mbili, mara tatu, na bado anakonda huku tumbo linavimba upande wa kushoto, huyo ana nini?

Wajir, Mandera, Marsabit, Isiolo, kuna mama wanaolijua jibu kwa uchungu. Inaweza kuwa kala-azar. Inaletwa na usubi, kijidudu kidogo kuliko mbu, hakina hata mlio, kinajificha kwenye vichuguu na nyufa za kuta za udongo. Kikiuma kinaacha vimelea vinavyoshambulia wengu, ini na uboho. Bila matibabu huua zaidi ya wagonjwa 95 katika kila 100.

Lakini sikilizeni hapa: inatibika! Kipimo ni tone la damu ya kidole, na jibu linatoka kwa dakika chache. Dawa ni sindano kila siku kwa siku 17. Basi mtoto anakufa kwa nini? Kwa sababu kipimo hakipo dispensari ya karibu, hospitali yenye dawa iko mbali, na nauli hakuna.

Eti tunaambiwa, "Hao ni wafugaji, wanahamahama, ni vigumu kuwafikia." Ajabu! Wakati wa kampeni wanafikiwa mpaka kisimani. Kura inafika, kipimo hakifiki?

Katiba ya 2010, kifungu cha 53, inampa kila mtoto haki ya huduma ya afya. Haikusema mtoto wa Nairobi peke yake. Na dispensari ziko chini ya kaunti, kwa hivyo wa kuulizwa tunawajua.

Na sisi pia tujisute. Kumchoma mtoto tumbo kwa chuma cha moto si tiba. Kusema "ni qadari" kabla hata ya kumpeleka kupimwa, huo ni uvivu tumeuvisha kanzu.

Kikao cha maoni ya bajeti kikiitishwa, nenda. Usiende kupiga picha tu. Simama umuulize mwakilishi wadi: kipimo cha kala-azar kiko dispensari gani? Dawa ipo? Akikosa jibu, kikao kinachofuata muulize tena, mbele ya watu.

Mtoto hana kura. Sauti yake ni wewe.