Mbwa wa mtaani na swali la pili la mzee



Ijumaa moja baada ya swala alinijia mzee mmoja wa mtaani kwetu akiwa na swali nisilolitarajia. Mjukuu wake alikuwa ameumwa na mbwa koko njiani akienda madrasa, na familia ilihangaika huku na huku kutafuta sindano za kichaa cha mbwa. Wakazi wakakubaliana kuchanga fedha wanunue sumu, waichanganye na nyama na kuitupa majalalani usiku. Je, sheria inaruhusu? Nikamjibu kwamba mbwa anayeshambulia watu huondolewa, na hilo lina dalili iliyo wazi. Ama kuwaua wote kwa sumu, mwenye kudhuru na asiyedhuru, siwezi kulihalalisha. Akaniuliza tena, "Basi sheikh, tufanye nini?" Hapo nikanyamaza. Swali hilo la pili halikuwa la fiqhi peke yake. Lilihusu namna tunavyojenga na kuendesha miji yetu.

Swali hilohilo limeitikisa Uturuki. Aliyewahi kufika Istanbul ameona paka wakilala juu ya mazulia ya misikiti na vibarazani mwa maduka, na vyombo vya maji na chakula vimewekwa na watu wasiojulikana majina. Mapenzi hayo yana mizizi katika mafunzo tunayoyajua sote. Abu Qatada (RA) alikuwa akitawadha, paka akaja, naye akainamisha chombo ili anywe, kisha akamweleza mke wa mwanawe aliyestaajabu kwamba Mtume (SAW) alifundisha kuwa paka si najisi, bali ni miongoni mwa wanaotuzunguka majumbani. Tazama alivyofanya: hakumfukuza, na wala hakuuacha udhu wake.

Waosmani waliyaingiza mafunzo hayo hata katika mawe. Msikiti wa Yeni Valide na ule wa Ayazma, yote ya karne ya 18 katika upande wa Üsküdar, ina nyumba ndogo za ndege zilizochongwa juu ukutani kwa ustadi mkubwa, kana kwamba ni kasri. Mjenzi hakuwaachia ndege huruma ya mpita njia. Aliwapangia makazi tangu siku ya kuchora msikiti.

Lakini mji huohuo, mwaka 1910, ulikusanya makumi ya maelfu ya mbwa na kuwatupa katika kisiwa kikavu kilicho karibu, wakafa kwa njaa na kiu. Kwa hiyo tusidanganyike kwamba mapenzi ya wananchi yanatosha. Mwaka 2004 Uturuki ilipitisha sheria iliyozitaka manispaa ziwakamate mbwa wa mitaani, ziwahasi, ziwachanje na kuwarudisha walikotolewa. Ilikuwa sheria nzuri, ila manispaa nyingi hazikuitekeleza ipasavyo. Mbwa wakazidi, watu wakang'atwa, watoto wakafa. Mwezi Julai 2024 Bunge lao likabadili sheria: mbwa wakusanywe wawekwe katika mabanda, na walio wagonjwa wasioponyeka au walio hatari waweze kuuawa. Serikali yenyewe ilikadiria mbwa hao kuwa milioni 4 hivi, ilhali mabanda yote 322 yaliyokuwapo yalikuwa na nafasi ya mbwa 105,000 tu. Manispaa zimepewa hadi mwisho wa mwaka 2028 kujenga mengine, na meya atakayezembea aweza kufungwa kuanzia miezi sita hadi miaka miwili. Nami najiuliza, kama kifungo hicho kingeandikwa mwaka 2004, wangefika huko?

Wapo waliolia barabarani kwa ajili ya mbwa, na wapo wazazi waliolia kwa ajili ya watoto wao. Simlaumu mzazi hata mmoja. Ila hesabu ya milioni 4 kwa nafasi laki moja inaonyesha kwamba deni la miaka 20 limewekwa juu ya mgongo wa mnyama.

Hapa kwetu pwani twaweza kujifunza kwa Lamu. Mji ule wa kale, ulioingizwa katika Urithi wa Dunia mwaka 2001, vichochoro vyake vilipimwa kwa mtu na punda. Punda hubeba mchanga, mawe na mizigo ya sokoni, na tangu mwaka 1987 wana hospitali yao, iliyofunguliwa na shirika la hisani la Uingereza, wanakotibiwa bila malipo. Jioni wazee huketi barazani, paka miguuni, na mtoto hujifunza kumpisha punda kabla hajajua kusoma. Siku hizi upweke umekuwa jambo la kuundiwa kamisheni na Shirika la Afya Duniani, mwaka 2023. Sidai kwamba paka ni dawa. Tafiti za faida ya kufuga wanyama hazikubaliani. Lakini mzee anayetoka kila alfajiri kumwekea paka maji huonana na watu wawili watatu, na asipotoka, huulizwa.

Vitongoji vyetu vipya havina baraza wala kivuli. Kila kiwanja kina ukuta, na nyuma ya ukuta mbwa wa ulinzi amefungwa mnyororo mchana kutwa. Nje kuna jalala ambalo halizolewi, na jalala ndilo humlea mbwa koko.

Wengine watasema sisi ni Mashafii, mbwa kwetu ni najisi nzito, tunaosha mara saba, mojawapo kwa udongo. Ni kweli. Lakini najisi ni hukumu ya twahara. Haimtoi kiumbe katika haki zake. Imamu Izzuddin bin Abdissalam, Mshafii aliyefariki mwaka 660 Hijria, aliziorodhesha haki za wanyama kwa mwenye kuwamiliki: awalishe hata wakizeeka au wakiugua na kutofaa tena, na asiwabebeshe wasichokiweza. Na yule mtu aliyeshuka kisimani akamtekea mbwa maji kwa kiatu chake, akasamehewa, hakuambiwa kwanza aulize kama mbwa ni twahara.

Ushahidi wa karibu zaidi ni Pemba, kisiwa cha Waislamu ambako mbwa si kipenzi cha nyumbani. Walichanja mbwa kwa kampeni, na kufikia mwaka 2014 kichaa cha mbwa kikakatika. Chanjo zikalegea, na mwaka 2016 ugonjwa ukaingia tena kutoka nje ya kisiwa. Wakachanja upya, na mwaka 2018 ukakatika mara ya pili. Kipimo kinachojulikana ni kuchanja mbwa 70 katika kila 100, tena kwa kurudia. Sumu haifanyi hivyo: huua hata mbwa waliokwisha kuchanjwa, na nafasi yao hujazwa na wageni wasiochanjwa. (Na aliyeumwa aoshe jeraha kwa maji mengi na sabuni dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo, asingoje kumwangalia mbwa.)

Basi nilimrudia yule mzee Ijumaa iliyofuata. Tukakaa na mwenyekiti wa mtaa na vijana. Mchango uliokusudiwa sumu ukaelekezwa kwenye gari la taka, na afisa mifugo akaombwa aje achanje. Vijana walikataa katakata kuwashika mbwa, mpaka tulipowaeleza kwamba kugusa mbwa mkavu kwa mkono mkavu hakumnajisi mtu. Wanane wakajitolea. Mjukuu amemaliza sindano zake. Bado hapiti njia ile peke yake, na gari la taka limekuja mara moja tu.