Jiwe la Mizani Liwe Mali ya Kila Chama

Ndugu wakulima wa skimu na wa Amukura yote, mahindi hulimwa kwa miezi mingi, lakini malipo yake huamuliwa kwa dakika moja mbele ya mizani. Basi yafaa tuijue mizani kama tunavyolijua jembe.

Kipimo cha kuaminiwa kina sifa mbili. Kwanza, mtu mmoja akipima gunia lile lile mara tatu, kwa mizani ile ile, apate jibu lile lile. Pili, mtu mwingine akilipima, au likipelekwa kwenye mizani nyingine, majibu yasiachane. Yakiyumba mkononi mwa mtu mmoja, tazama kama mizani imekaa sawa, na kama gunia lagusa chini. Yakiachana kati ya watu wawili, tazama kama wote wameanzia sifuri, na kama mmoja ausoma mshale kutoka kando.

Lakini tusidanganyike: mizani yaweza kurudia kosa lile lile kila mara. Ndiyo sababu Sheria ya Mizani na Vipimo, Sura ya 513, yataka mizani ya biashara ikaguliwe na kupigwa muhuri. Mizani ikipunja kilo 2 katika kila gunia, magunia 45 yamekula kilo 90, yaani gunia zima.

Hata unyevu, usiopasa kuzidi 13.5 kwa mia, haupimwi kwa konzi moja ya juu. Ingiza bambo juu, katikati na chini, changanya, ndipo upime. Sumu ya kuvu ndiyo ngumu zaidi, kwa kuwa hukaa katika punje chache. Machi 2021 Kenya ilizuia mahindi ya Uganda na Tanzania kwa ajili ya sumu hiyo, kisha ikayaruhusu kwa cheti cha kuonyesha kwamba haizidi sehemu 10 katika bilioni. Cheti kama hicho hakina nguvu kuliko sampuli iliyopimwa.

Wako wasemao kwamba kupima tena ni kumtukana mnunuzi. Sivyo. Mnunuzi mwaminifu hapotezi kitu. Shauri letu ni hili: kila chama kinunue jiwe moja la mizani la kilo 20 lenye muhuri, liwekwe juu ya mizani mbele ya watu wote kabla ya gunia la kwanza. Mizani ikisema 19, mauzo yasimame na mkaguzi aitwe.