Moyo Peke Yake Hautoshi Kumtunza Mzee

Kila wageni wanapokwenda kutoa msaada kwenye makazi ya wazee, iwe Kolandoto mkoani Shinyanga, Nunge kule Kigamboni au Sebleni Unguja, kuna sentensi ambayo haikosekani. Mgeni rasmi akishakabidhi mchele, sabuni na sukari, huwageukia wahudumu na kuwapongeza: "Kazi hii inahitaji moyo." Makofi hupigwa, picha hupigwa, magari huondoka.

Sentensi hiyo ina ukweli wake. Asiye na huruma hafai kumvua nguo mzee wa watu na kumwogesha. Tatizo ni kwamba tumeifanya kuwa kipimo cha huduma nzima, kana kwamba mhudumu akiwa na upendo, mzee ameshatunzwa. Hilo silikubali.

Chukua mzee aliyepooza upande mmoja, asiyeweza kujigeuza. Ngozi yake ni nyembamba, na uzito wote umelalia makalio, nyonga na visigino. Palipobanwa damu haipiti vizuri. Dalili ya kwanza ni wekundu usiotoweka ukiubonyeza kwa kidole, na kwenye ngozi nyeusi wekundu huo hauonekani kirahisi. Ndiyo maana aliyefundishwa hupapasa pia, akitafuta joto, ugumu au mahali mzee anapostuka kwa maumivu. Anajua kwamba mzee wa namna hii anapaswa kugeuzwa mara kwa mara, kila baada ya saa mbili hivi, usiku na mchana; kwamba mto huwekwa chini ya vigimbi ili visigino visiguse godoro; na kwamba mgonjwa huinuliwa na watu wawili kwa shuka, haburutwi. Asiyefundishwa, hata awe na upendo kiasi gani, atapaona hapo pamebadilika na kupasugua kwa nguvu akidhani anaamsha damu. Kumbe anazidi kuumiza nyama iliyokwisha kuumia.

Au bibi aliyekuwa akizungumza vizuri juzi, leo anatukana, hajui yuko wapi, na usiku anaongea na marehemu. Wapo watakaonong'ona kuwa ni uchawi, na wapo watakaosema ni uzee tu. Huenda ni maambukizi ya njia ya mkojo, nimonia au upungufu wa maji mwilini. Uzee hupunguza hisia ya kiu, na mzee anaweza kupata maambukizi makali bila joto la mwili kupanda sana. Akili ikivurugika ghafla namna hiyo, ni dharura. Mwenye moyo atakaa naye ambembeleze hadi kuche. Mwenye ujuzi atambembeleza pia, lakini atampeleka hospitali.

Kuna hata upendo unaodhoofisha. Mzee anayeweza kushika kijiko analishwa ili asichoke. Anayeweza kujikongoja hadi chooni anavishwa pampasi ili asisumbuke. Baada ya wiki chache kitandani misuli inasinyaa, na yule aliyekuwa akitembea hatembei tena.

Tena moyo una mikono miwili tu. Mhudumu aliye peke yake zamu ya usiku, mwenye wazee wengi wa kugeuza, hawezi kuwafikia wote kwa wakati hata angekuwa malaika. Shirika la Afya Duniani limeeleza kuwa katika tafiti zilizofanywa kwenye taasisi za kulelea wazee, wafanyakazi wawili kati ya watatu walikiri wenyewe kuwatendea wazee vibaya kwa namna fulani ndani ya mwaka mmoja. Sidhani kama wote hao ni watu wabaya. Uchovu na uhaba wa watu humfanya hata mpole akaripe.

Ndugu zetu wengi walioko Marekani wanafanya kazi hiyohiyo ya kutunza wazee. Huko hawaulizwi moyo tu: sheria ya shirikisho ya mwaka 1987 inataka wasaidizi wa wauguzi kwenye makao ya wazee wapate mafunzo ya saa zisizopungua 75 na kupimwa uwezo wao. Makao ya huko nayo yana kasoro zake, lakini angalau kuna kiwango ambacho mtu anaweza kushtakiwa akikikiuka.

Hapo ndipo palipo na ubaya mkubwa zaidi wa msemo wetu: kinachotolewa kwa moyo hakidaiwi. Mzee aliyelowa tangu saa nane usiku atamlalamikiaje mtu anayesifiwa kwa kujitoa? Mhudumu naye ataombaje nyongeza ya mshahara ilhali kazi yake imeshaitwa sadaka? Sera ya Taifa ya Wazee ya mwaka 2003 iliipa familia jukumu la kwanza, kwa hiyo wengi wanaoishia makaoni ni wale wasio na ndugu wa kuwasemea. Hao ndio wanaohitaji viwango kuliko mtu yeyote.

Nitaambiwa nchi ni maskini. Wahudumu wa kutosha wanagharimu fedha, hilo ni kweli. Lakini daftari la zamu linaloonyesha nani kageuzwa saa ngapi halihitaji mfadhili. Kumpa mzee kikombe cha maji kwa saa maalumu bila kungoja aombe hakuhitaji bajeti mpya. Muuguzi wa kituo cha afya cha jirani anaweza kuwafundisha wahudumu kukagua ngozi kwa siku moja.

Kwa hiyo, utakapopeleka mchele wako, usiishie stoo na kwenye picha. Muulize mfawidhi: usiku wanabaki wahudumu wangapi? Nani aliwafundisha? Daftari la kugeuza wagonjwa liko wapi? Mzee akitaka kulalamika, anamwendea nani? Majibu ya maswali hayo ndiyo yatakayokuambia kama wazee hao wanatunzwa.