Hesabu ya Mashamba ifundishwe ku masomo

Wazazi na ndugu wafanyakazi,

Kila mwaka Exetat ikikaribia, mu lupango nyingi za Kolwezi utaona mutoto wa komersiale anatembea na kaye mu mukono, anarudilia: "ofa na demandi, ofa na demandi", mpaka ishikane ku kichwa. Sheria hiyo anaweza kukuelezea kwa mufano wa nyanya za soko. Lakini umuulize: kobalti yenye inatoka hapa Mashamba inaacha nini mu muji wetu? Ananyamaza. Si kosa yake. Hakuna mutu amemufundisha.

Na mufano iko mbele ya mulango. Mwezi wa pili wa 2025, Serikali ilikataza kobalti kutoka inchini, juu ilikuwa imejaa ku soko ya dunia na bei imeanguka. Mwezi wa kumi ikafungua tena, lakini kwa kota. Bei ikapanda. Njo ofa na demandi hiyo, na wazazi wa wanafunzi hawa waliiona kwa macho.

Tufanye hesabu ndogo kwa Sheria ya madini ya 2018. Tuseme kompanyi imeuza kobalti ya dolari 1.000.000. Redevansi ni 10 kwa mia: dolari 100.000. Kinshasa inachukua 50.000, jimbo 25.000, komine ao sekta ao sheferi ya pale wanachimba 15.000, na 10.000 inaenda ku mufuko wa vizazi vyenye vitakuja. Ingekuwa shaba, redevansi ni 3,5 kwa mia tu: 35.000, na komine inapata 5.250. Mutoto wa miaka 17 anaweza kuandika hesabu hii ku tablo mu dakika kumi. Akimaliza, atauliza: hizo 15.000 zilijenga nini? Hapo ndipo anaanza kusoma uchumi.

Mimi pia nilisoma komersiale. Mwaka 1998, wakati franka ya Kongo iliingia pahali pa zaire mupya, sisi tulikuwa tunakariri maana ya inflasio. Hakuna mwanafunzi aliuliza sababu gani mama zetu walikuwa wanabeba makuta kwa mabunda.

Miaka nyingi kisha, nikiwa delege wa sendika, tuliketi mbele ya wakubwa wa kompanyi moja kuomba mushahara uongezwe. Wakatutolea bilani: "Muone wenyewe, mwaka huu ni hasara." Tukanyamaza, sisi wenye diploma. Kijana mumoja tu ndiye aliweka kidole ku mustari mumoja: riba. Riba ya deni ya nani? Kumbe ni deni ya kompanyi mama yao, kule inje. Faida ilikuwa imepita mulango wa nyuma na jina la riba. Hatukupata yote tuliyoomba, lakini hatukurudi mikono mitupu.

Wazazi wengi wanasema: "Komersiale ni ya bale walishindwa na mate." Wanataka mutoto asome elektromekaniki, afanye kazi ku mashini. Ni vizuri, mashini inahitaji mutu. Lakini siku ya kugawanya makuta, mwenye kujua mashini tu anabaki inje ya mulango.

Shule ya musingi ya Serikali ni bure tangu 2019, lakini umanite tunalipa bado, na kwa jasho. Basi tudai kitu cha maana. Walimu, muchukue raporti za ITIE zenye zinaonyesha malipo ya kila kompanyi, muzisome na wanafunzi. Wakubwa wa komine, mupokee darasa moja, muwaonyeshe bajeti. Na sisi wa sendika, tufungue biro siku ya posho, tufundishe vijana kusoma karatasi ya mushahara na bilani.

Shimo la Mashamba litaisha siku moja. Wale watoto watabaki hapa. Wasije kutuuliza makuta ilienda wapi, na sisi hatuna jibu.