Kabla hujauliza rangi ya tela la chakula, niambie karai litakaa wapi

Wiki hii watu watatu wamenifuata inboksi na swali moja: "Nataka tela la chakula kama lako, rangi gani inavutia kwenye picha?" Hakuna hata mmoja aliyeuliza karai linakaa upande gani. Ndio maana naandika.

Mimi nina duka la vifungashio hapa Mwanga, Kigoma, na tela la chipsi na migebuka linalovutwa na kirikuu. Sijasomea upishi wala uchomeleaji, niliishia form four. Haya nimeyajua kwa hasara.

Tela la kwanza nilitoa picha mtandaoni, ya Marekani, nikampa fundi akaiga kila kitu. Siku ya kwanza tunapaki barabara ya Ujiji, dirisha la kuuzia linaangalia katikati ya lami! Marekani wanaendesha kulia, kwa hiyo dirisha lao linakaa kulia. Sisi tunaendesha kushoto, mteja wa miguu yuko kushoto. Na msidhani ukiiga picha ya majirani umepona, maana ukivuka ziwa tu, Kalemie na Bujumbura nao wanaendesha kulia. Nikalipa fundi mara ya pili kukata bati.

Lakini dirisha lilikula hela tu. Karai ndilo lililotuumiza. Tela lina upana wa mita moja na nusu, na karai lilikuwa nyuma, pale pale mlangoni. Kila anayeingia anapita mgongoni kwa anayekaanga. Jioni moja tuko Kibirizi, oda za WhatsApp zimejazana, bodaboda wawili wanapiga honi. Mdogo wangu wa kike akageuka na beseni la viazi, mimi naingia na dumu la maji. Tukagongana, mafuta yakammwagikia mkono. Wiki tatu hakufanya kazi, na kovu analo. Mama hakuniuliza rangi ya tela.

Msimamo wangu sasa ni kwamba anayeuza chakula mtandaoni asipange jiko kama mwenye genge. Genge wateja wanakuja mmoja mmoja. Kwetu zinaingia oda kumi ndani ya dakika tano, halafu kimya. Kwa hiyo chakula kizunguke kama herufi U. Kwetu mlango uko nyuma. Upande wa kulia kuna maji na viazi vibichi, mbele kabisa karai, kisha unarudi na upande wa kushoto kwenye meza ya kufungashia na dirisha. Aliyeko kwenye karai habanduki. Anayefungasha ndiye anayeshika simu, maana mkaangaji akianza kujibu "bei gani bosi" chipsi zinaungua. Bodaboda wana kishubaka chao mwisho wa dirisha, hawapangi foleni na wateja wa miguu.

Karai kukaa mbali na mlango kuna sababu nyingine. Moto ukilipuka, usiwe kati yako na mlango. Na mafuta yakishika moto usimwage maji, funga gesi kama unaifikia bila kuungua, funika na mfuniko wa bati. Mtungi wangu uko nje, mbele, kwenye kizimba cha nondo. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa, ikivuja inalala sakafuni, kwa hiyo matundu ya hewa yawe na chini pia, sio juu tu.

Uzito nao. Lita 20 za maji ni kilo 20, madumu manne ni kilo 80. Ukiyarundika nyuma, tela linainua pua na kuanza kuyumba, na ule mteremko wa kutoka Mwanga kwenda mjini hauna utani. Yaweke usawa wa ekseli, kulia na kushoto. Mafuta yakipoa namimina kwenye ndoo yenye mfuniko ndipo tunaondoka.

Jambo lingine, usichomelee kila kitu. 2024 ziwa lilipofungwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wazaliane, migebuka iliadimika. Mimi nilikuwa nimechomelea jiko refu la kuchomea samaki, limekula theluthi ya tela, nikawa nalitumia kuwekea sufuria. Sasa meza na majiko yangu yanafungwa kwa bolti.

Kuna wanaosema muonekano ndio unauza. Sibishi, picha nzuri imeniletea wateja wengi. Ila mteja wa picha akisubiri chipsi dakika arobaini, oda ya pili anampa mwingine.

Kwa hiyo kabla ya kumpa fundi hata shilingi, nunua chaki. Chora tela lako sakafuni kwa ukubwa wake halisi, weka ndoo mahali pa karai, halafu wewe na msaidizi wako "pikeni" oda kumi za uongo haraka haraka. Mkigongana, futeni mchore tena. Sisi tulichora barazani mara nne. Mara ya nne mdogo wangu aliisukuma ile ndoo kwa mguu mpaka kona ya mbele, akasema, "Kaka, hapa." Ndipo karai lilipo mpaka leo, na mkaangaji ni yeye.

Rangi ni bluu, kwa waliouliza.