Pembea Kubwa, Mfuko Mdogo: Je, Pwani Itaweza?

Idi iliyopita nilimshika mkono mjukuu wangu wa miaka minane, tukaenda kiwanja cha Makadara. Wasomaji wa Mombasa hawana haja ya kuelezwa palivyo siku hizo. Watoto wamevaa nguo mpya, mifukoni wana mkono wa Idi, na kila mmoja avuta mzee wake upande wake. Pembea zazunguka, vumbi latimka, na harufu ya viazi karai yapambana na harufu ya udi na hal-udi. Mtoto alipanda pembea mara mbili, akashuka, akanitazama kwa huruma kama mtu anayemwonea haya mwenyeji wake.

"Babu," aliniambia, "hizi ni ndogo. Kule kwa shangazi kuna gari la pembea lapita kama risasi. Mbona sisi hatuna?"

Shangazi yake yuko Abu Dhabi, ameajiriwa huko, na humletea picha kwa simu. Gari alilolisema mtoto si la kubuni. Liko katika kiwanja cha Ferrari World, kilichofunguliwa mwaka 2010, na hukimbia kilomita 240 kwa saa. Tena si hilo tu. Mei 2025 kampuni ya Disney ya Marekani na wenzake wa Abu Dhabi walitangaza kwamba watajenga kiwanja cha Disney papo hapo kisiwani Yas, cha kwanza cha aina yake katika nchi za Kiarabu. Kwa hivyo mtoto aliuliza jambo ambalo hata watu wazima waliuliza.

Swali lile lilinifuata mpaka barazani baada ya sala ya Magharibi. Nilipolieleza, rafiki yangu mmoja alidakia, "Sheikh wangu, Dubai ilikuwa mchanga mtupu. Sisi Mungu ametupa bahari, fukwe, Ngome ya Yesu, mibuyu na minazi. Apatikane tajiri mmoja tu, utaona." Wenzake wakaitikia. Mimi nilinyamaza, kwani sikuwa na jibu la kuwapa usiku ule. Leo ninalo, na nalitoa hapa wazi ili anayenikosoa anikosoe.

Nianze na wale watakaosema kwamba mazungumzo haya ni ya upuuzi na kwamba Mwislamu hana haja na pembea. Hilo silo tulilofundishwa chuoni. Mwalimu aliyenisomesha Juzuu Amma alikuwa mkali wa bakora, lakini siku ya Idi alitufungulia milango mwenyewe. Alitusimulia jinsi Mtume (S.A.W.) alivyowaacha Wahabeshi wacheze kwa mikuki yao msikitini siku ya Idi, na Bibi Aisha akiwatazama. Furaha ya mtoto katika mipaka yake ni haki yake. Basi tusibishane juu ya furaha. Tubishane juu ya hesabu.

Kiwanja kikuu cha namna ile hakiishi kwa uzuri wake. Huishi kwa watu wanaorudi. Walt Disney alipofungua kiwanja chake cha kwanza pale Anaheim, California, Julai 1955, alikuwa na mji wa Los Angeles mlangoni mwake, wenye mamilioni ya watu, barabara pana, magari, mishahara na mapumziko ya Jumamosi na Jumapili. Mgeni wa ndege huja mara moja katika umri wake. Jirani huja leo, akarudi mwakani na mtoto wa pili. Na ili jirani arudi, hapana budi kila miaka michache kitiwe kitu kipya, nacho hugharimu fedha nyingi. Ongeza mafundi wanaokagua mitambo kila asubuhi kabla mtoto hajakaa, ongeza umeme, ongeza bima. Gharama hizo hazingoji msimu.

Na sisi je? Hesabu ya watu ya mwaka 2019 ilionyesha kwamba kaunti sita za Pwani zina watu 4,329,474. Idadi hiyo si ndogo. Lakini tuitie mizanini. Wilaya zinazouzunguka mji wa Paris zilikuwa na watu zaidi ya milioni 10 wakati Disney walipofungua kiwanja chao huko Aprili 1992. Wageni walikuja kwa mamilioni, lakini wakatumia pungufu ya walivyotarajiwa, na riba za madeni zikakikaba koo. Haikupita miaka miwili kiwanja kikawa taabani, na mwaka 1994 miongoni mwa waliokiokoa kwa fedha zao alikuwa Amiri Alwaleed bin Talal wa Saudia. Ikiwa Paris iliyumba, mwenye kiwanja cha Pwani atashika nini?

Rafiki yangu atanijibu, "Mbona Dubai wameweza?" Hapo ndipo penye funzo kubwa zaidi, kwani hata Dubai si yote iliyoweza. Mwaka 2016 walifungua viwanja kadhaa pamoja, kwa gharama ya zaidi ya dirhamu bilioni 10. Mwaka uliofuata walitazamia wageni zaidi ya milioni 6. Waliokuja walikuwa milioni 2 na kitu. Kiwanja kingine kilichokuwa kikitazamiwa hapo, cha Six Flags, kiliachwa mwaka 2019 kabla ya kumalizika. Kile cha filamu za Kihindi, ambacho vijana wetu wengi wangalikipenda, kilifungwa mwaka 2023. Na huo ni mji uliopokea wageni milioni 18.7 mwaka 2024. Kenya nzima, kwa mwaka huo huo, ilipokea kama milioni 2.4, na si wote waliofika Pwani.

Tena wageni wetu huja kwa msimu. Kaskazi ikivuma, hoteli zajaa. Kusi ikishika na masika yakamwagika, bahari yachafuka, na hoteli nyingine hufunga milango zikingoja Julai. Ndugu zetu wa Nairobi, ambao tangu mwaka 2017 huletwa na reli mpya, hutujaza Desemba na Pasaka, kisha hurudi makwao kazini. Je, kiwanja kitawalipa wafanyakazi kwa miezi miwili ya neema na kumi ya kungoja? Wala tusisahau Mei 2014, Uingereza ilipowatahadharisha raia wake wasije Mombasa, na ndege zikaja kuwachukua watalii kabla ya siku zao kuisha. Hoteli zilifungwa, na vijana wetu wakarudi mabarazani na vyeti vyao mikononi. Biashara inayotegemea hofu na matumaini ya watu walio mbali ni jahazi lisilo na nanga.

Sasa tuje kwa mwenyeji, maana yeye ndiye wa kukitegemeza. Tikiti ya mtu mmoja katika viwanja vile vikubwa vya Abu Dhabi huzidi dirhamu 300, na kwa shilingi zetu huzidi elfu kumi. Serikali ilipopandisha kima cha chini cha mshahara mwaka 2024, kibarua wa mjini Mombasa alikadiriwa shilingi 16,113 kwa mwezi. Baba huyo akimpeleka mwanawe mmoja tu, mshahara wa mwezi hautoshi tikiti mbili. Bado hawajanywa maji. Na ukishusha bei hata ikamfaa yeye, fedha za kulipia mitambo hazipatikani. Hapa ndipo jambo linapofungika, na sijaona wa kulifungua.

Liko na jingine ambalo kwa Mpwani huuma zaidi, nalo ni ardhi. Disney walipotaka kujenga Florida, walinunua kiasi cha ekari 27,000 kimyakimya, kwa majina ya makampuni mengine, ili wenye ardhi wasijue mnunuzi ni nani. Kisiwa cha Mombasa chote, na misikiti yake, bandari yake na makaburi yake, hakifiki ekari 4,000. Hata kama chetu kingekuwa cha ekari mia chache, zingetoka wapi? Zingetoka Kilifi au Kwale, penye watu waliozaliwa, wakazaa na wakazika juu ya ardhi ambayo hawana hati yake. Sisi tunajua, kabla ya kuambiwa, ni nani angehamishwa ili watoto wa wengine wakapande pembea.

Maji nayo vilevile. Mombasa hunywa maji ya Mzima, yaletwayo kwa bomba la zaidi ya kilomita 200 tangu miaka ya 1950, na ya visima vya Baricho na Tiwi, na bado mitaani mikokoteni ya madumu haijapata likizo. Mtu atakayejenga mito na maporomoko ya kuchezea, kwanza atueleze jirani yake ataoga nini.

Kwa hivyo jibu langu ni kwamba Pwani haiwezi, kwa hali ilivyo, kubeba kiwanja kikuu cha namna ile. Lakini sikuandika haya ili nimrudishe mjukuu wangu nyumbani na uso wa huzuni. Haikuwezekana tembo, haina maana tusifuge mbuzi.

Bamburi tunao mfano. Kampuni ya saruji ilichimba mawe pale tangu miaka ya 1950, ikaacha mashimo makavu yasiyoota hata magugu. Mwaka 1971 bwana shamba wa Kiswisi, René Haller, alianza kupanda mivinje, akaleta na majongoo wale majani yaliyoanguka ili yageuke mbolea. Mahali pale leo ni msitu wenye twiga na viboko, na dunia nzima ilisikia habari za Owen, mtoto wa kiboko aliyeokolewa baada ya tsunami ya Desemba 2004 akamfanya kobe mkongwe kuwa mlezi wake. Hapana aliyemfukuza mtu ili jambo lile lianze. Lilianza na shimo lisilotakiwa, likakua mwaka baada ya mwaka kwa kadiri ya uwezo.

Wenzetu wa Zanzibar nao wana kiwanja cha kufurahishia watoto pale Kariakoo, kilichojengwa kwa fedha za mfuko wao wa hifadhi ya jamii. Si Disney, na wala hakijidai kuwa Disney. Mtoto wa Ng'ambo hukifikia kwa miguu, na Sikukuu ikifika hakuna pa kutia mguu.

Na Lamu je? Kila Mfungo Sita maelfu ya watu huja kwa Maulidi ya Riyadha, msikiti wa Habib Swaleh. Huja kwa mabasi na mashua kutoka Mombasa, Malindi, Tanga na Unguja. Kuna zefe, kuna mashindano ya punda, na mitaa mizima yageuka kuwa nyumba moja. Hapana mlango, hapana tikiti, na watu hurudi kila mwaka, wakiwa na watoto wao na wajukuu wao. Kurudi huko ndiko ambako matajiri wa Paris na Dubai walikutafuta kwa mabilioni. Sisi tumerithishwa bure.

Lakini kirithi kisicholindwa huliwa. Kiwanja nilichochezea mpira utotoni, nyuma ya mtaa wetu, leo kina ukuta na geti. Siku moja asubuhi tulikuta mawe yamemwagwa, na hakuna aliyetuambia ni ya nani. Ripoti ya Ndung'u ya mwaka 2004 ilieleza jinsi ardhi za umma zilivyogawiwa watu kinyume cha sheria nchi nzima. Kwa hivyo hofu yangu kubwa si kwamba hatutapata pembea ya kilomita 240. Hofu yangu ni kwamba mjukuu wangu atakapompeleka mjukuu wake, hata Makadara ya kuzomea haitakuwapo.

Nasaha zangu kwa serikali zetu za kaunti ni tatu. Kwanza, kila kiwanja cha wazi kipimwe, kiandikishwe kwa jina la umma, na hati yake ibandikwe ukutani mahali ambapo kila mtu ataisoma. Pili, pembea za Idi zikaguliwe na fundi anayejua kazi yake kabla ya mtoto wa kwanza kupanda, kwani umasikini wetu si ruhusa ya kuwavunja watoto miguu. Tatu, Mama Ngina, palipotengenezwa upya na kufunguliwa Oktoba 2019, paendelee kuwa wazi kwa anayekuja na shilingi hamsini ya muhogo na kwa asiyekuja na kitu ila macho ya kutazama meli. Na akitokea mwenye mtaji anayetaka kujenga kiwanja cha kadiri, tumkaribishe, lakini atuonyeshe kwanza ardhi ni ya nani, maji yatatoka wapi, na mtoto wa kibarua ataingia kwa kiasi gani.

Nilimjibu mjukuu wangu siku ile kwa maneno machache. Nilimwambia, "Kubwa iko kwa shangazi, mwanangu. Hii ni yako." Alifikiri kidogo, kisha akanyosha mkono anidai shilingi nyingine, akarudi kwenye foleni. Nami nikiwa nangoja, nikatunga ubeti huu, ndio nawaagia:

Kiwanja cha mbali chema, kwa aliye na nauli,
Mtoto wa mkulima, naye ana haki kweli,
Tulinde cha toka zama, tusikiuze kwa mali,
Furaha haina kima, wacheke wa kila hali.