Motokari yenye kuchoka na mzigo

Pikapu yetu ya zamani ya mazutu inakimbia vizuri ikiwa tupu. Ikivuta remorki ya mahindi toka Likasi kwenda Lubumbashi, nguvu inaisha kwenye mupando. Fundi alisema tununue injini ingine. Tulikataa, tukaanza na vitu vya bei ndogo.

Moshi mweusi? Angalieni filtri ya hewa na bomba la turbo kama limepasuka. Gurudumu moja linatoa joto kupita mengine? Breki inakamata, sogezeni mkono, musiguse. Filtri ya mazutu imeziba? Injini inalala njaa wakati wa kazi nzito.

Kwetu ilikuwa filtri ya mazutu. Feza ya injini imebaki katika sanduku ya chama. Mama, uliza kwanza, lipa nyuma.